Mkono Chini ya Kisigino

Kabla hajatazama uso, Bi Asante alitazama kisigino.

Shuka la chumba cha maiti lilikuwa fupi, na miguu ya marehemu ilitokeza nje kama ya mtoto aliyekua ghafla. Kwenye mguu wa kulia, kisiginoni, palikuwa na kidonda cha kulala sana kitandani, chenye rangi ya nyama iliyosahauliwa. Kukizunguka kidonda hicho, kupanda hadi juu ya kifundo, palikuwa na alama ya mkono. Kiganja, kidole gumba, vidole vitatu, na mahali pa kidole kidogo palikuwa na kibonge tu. Ngozi yote ya alama hiyo ilikuwa imeinuka ikatoa malengelenge.

Daktari wa maiti alikuwa amesimama kichwani pa meza akimenya chungwa. Maganda aliyatupa kwenye beseni ambalo Bi Asante hakutaka kujua lina nini kingine.

"Koo limeziba," alisema. "Si kwa kukabwa. Limevimba kwa ndani mpaka pumzi ikakosa njia. Na midomo ndiyo hiyo unaiona, na macho."

"Kitu gani kinavimbisha hivyo?"

"Mzio. Watu wanaita aleji. Kinga ya mwili inakiona kitu kisicho na ubaya wowote, inakidhania adui, inakishambulia kwa nguvu zote. Vurugu ndiyo inayomuua mtu, si kile kitu chenyewe. Wengine karanga, wengine nyuki, wengine sindano."

"Huyu je?"

"Sindano hakuchomwa siku hiyo. Uji alipewa uleule wa kila siku, kwa mrija. Sijui." Akatia kipande cha chungwa mdomoni. "Mkuu wako ananipigia simu anataka niandike aliwekewa mto usoni huku ameshikwa mguu. Nimemwambia mto hauvimbishi koo. Amenikatia."

Bi Asante alitoa karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, akailaza juu ya kisigino, akaifuatisha ile alama kwa penseli. Alipomaliza aliona kitu kingine. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, pale saa inapokaa, ngozi ilikuwa na mstari mwembamba uliopauka.

"Asante, daktari," alisema.

Hapo ndipo lilipotoka jina lake. Alimshukuru kila mtu: shahidi, mlevi, mwizi aliyekiri, hata muuaji mmoja aliyemtemea mate. Askari wenzake walisema siku akifa atamshukuru mchimba kaburi. Alikuwa mtu wa aibu, na neno hilo lilimsaidia kufunga mlango na kuondoka bila kumwambia mtu yeyote anamwonaje.

Safari hii alikuwa na haraka. Jana yake askari wawili walimweleza mkuu wa kituo juu ya alama ya mkono wenye vidole vinne, na mkuu akauliza swali moja tu: nani katika jamaa za marehemu amekatika kidole? Mtoto wake wa pekee wa kiume, fundi seremala, msumeno ulimla kidole kidogo miaka mingi iliyopita. Walimkamata kwenye lango la hospitali akiwa amebeba shuka jipya la kumfunikia mama yake. Jioni ya leo angesomewa shitaka la mauaji, na kesi ya namna hiyo haina dhamana.

Matroni wa wodi alimpokea kwa bashasha. Alikuwa mama mnene mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, na ofisi yake ilinukia dawa ya sakafu juu, na chini yake harufu nyingine iliyokataa kufunikwa.

"Karibu, mwanangu. Utakunywa chai."

Alitoa ufunguo mfukoni, ukining'inia kwenye kitanzi chekundu cha plastiki, akafungua kabati, akamimina chai kwenye kikombe chenye ukoko wa kahawia kwa ndani. Bi Asante alisema asante. Akanywa.

"Marehemu alikuwa mwalimu wetu," alisema matroni. "Sisi wote wa zamani hapa katufundisha yeye unesi. Mimi mwenyewe kanishika mkono kunionyesha namna ya kumgeuza mgonjwa. Halafu kiharusi kikamchukua ulimi na upande mzima. Akalala hapo, anatutazama tu."

"Na mtoto wake?"

"Sitaki kusema mabaya ya mtu. Ila alikuja asubuhi ile, akasema kwa ukali, mara kwa nini mama kawekwa hapa, mara nani kasema. Akamshikashika miguu. Baada ya yeye kutoka, nikamkuta mwalimu hapumui." Alishusha sauti. "Kulea mgonjwa kunachosha watu, mwanangu. Wengine wanachoka kabisa."

"Kwenye kifundo cha mkono alikuwa amevaa nini?"

"Mgonjwa gani anavaa saa?" Matroni alicheka kidogo, akakirudisha kikombe kabatini bila kukiosha. "Hapa hatutupi kitu na hatupotezi kitu. Muulize yeyote."

Seremala alikuwa kaketi sakafuni mahabusu, mgongo ukutani, miguu imekunjwa kuwakwepa wenzake. Ndoo ya haja ilikuwa pembeni, bila kifuniko. Alipomwona Bi Asante hakusimama.

"Umekuja kunishukuru," alisema. "Nimesikia habari zako."

"Lete mkono wako wa kulia, kaka."

Akautoa. Bi Asante aliilaza ile karatasi juu ya kiganja chake. Vidole vya seremala viliipita michoro kwa pingili nzima. Vyake vilikuwa vyembamba, vyenye mafundo. Vya kwenye karatasi vilikuwa vinene toka mwanzo hadi mwisho, vimejaa sawasawa, na hakuna popote palipokwaruzwa na ukucha.

"Hiyo ni nini?" aliuliza seremala.

"Mkono uliokuwa kwenye kisigino cha mama yako."

Akautazama kwa muda. "Mkono gani huo hauna mifupa?"

Bi Asante aliikunja karatasi. "Mama yako alikuwa na mzio wa kitu chochote?"

"Mpira. Hospitali yote inajua. Alivaa glavu za mpira ujana wake wote, mwishoni mwili ukazikataa. Alianza kuwashwa vidole, halafu akawa akigusa tu kitu cha mpira anavimba macho. Ndiyo maana alistaafu mapema. Kandambili hazikuingia kwetu. Nilimtengenezea viatu vya mbao na ngozi mimi mwenyewe." Alifuta pua kwa kiganja. "Siku ya kumlaza niliwaambia. Wakamvisha bangili ya plastiki, nyekundu, wakaandika MPIRA kwa wino mweusi. Wakamweka chumba cha peke yake chenye glavu zake za bluu ambazo si za mpira. Asubuhi ile naingia, chumba kina mtu mwingine. Mama wamemtupa kwenye wodi kubwa. Ndipo nikasema. Kusema ndiyo kuua?"

"Bangili alikuwa nayo ulipomwona?"

"Mkono ulikuwa ndani ya shuka. Nilimshika miguu tu, ilikuwa baridi." Akasema kama anayejisemea, "Wameniambia kesho wanamzika bila mimi."

"Asante," alisema Bi Asante. Kwa mara ya kwanza neno lile lilimkwama kidogo.

Wodi kubwa ilikuwa na vitanda vilivyokaribiana hata mgonjwa akinyoosha mkono anamgusa mwenzake. Kitanda cha marehemu kilikuwa kimeshatandikwa. Cha jirani kilikuwa na bibi mmoja mwembamba, mguu umefungwa plasta, ambaye wodi nzima walimwita Redio kwa sababu haikuwepo njia ya kumzima.

"Umechelewa," alisema Redio. "Jana nilisema mwenye akili atakuja kuniuliza. Wamekuja wanaume wawili, wakamuuliza matroni, wakala biskuti, wakaenda zao."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa hapo kitandani, mwenyewe hana haja nacho tena. Unataka kujua kuhusu yule mtoto wake? Hakufanya kitu. Alimsugua miguu, akalia, akatoka."

"Baada ya hapo?"

"Akaja nesi kijana, yule mwenye mwanya. Akamgeuza, akamsafisha, akamwekea mto wa kisigino, akaenda. Haukupita muda Mwalimu akaanza kupiga chuma cha kitanda kwa ule mkono mzima. Ka, ka, ka. Mimi nikamwambia, Mwalimu, tulia, wengine tunaumwa." Redio aliacha kutabasamu. "Nilimwambia hivyo."

"Halafu?"

"Akaacha kupiga. Akaja matroni. Akamtazama usoni, akasema jina la Mungu. Nikadhani atapiga kelele daktari aje. Hapana. Kwanza akaenda miguuni, akainua shuka, akatoa kitu, akakificha kwapani, akaenda nacho chumba cha kuoshea vyombo vya wagonjwa. Nikasikia maji yanamwagika. Ndipo akarudi akaita daktari, na kulia juu."

"Alitoa kitu gani?"

"Si nimekwambia, mto wa kisigino. Kama wangu."

"Mto wenyewe ukoje?"

Redio alimtazama kama anavyotazamwa mtu asiyejua kijiko. "Funua mwenyewe. Mguu huo usio na plasta."

Bi Asante alifunua shuka. Kisigino cha bibi kilikuwa kimelala juu ya mkono. Mkono wa rangi ya maziwa yaliyochacha, umejaa, umetuna, vidole vimesimama vimenona. Alirudi nyuma hatua moja. Kisha akaona fundo la bendeji kwenye shingo ya ule mkono, akaelewa. Ilikuwa glavu ya mpira iliyojazwa maji. Aliigusa. Ilikuwa ya uvuguvugu, na ilitikisika kama chura.

"Raha kweli," alisema Redio. "Kisigino hakiumii. Mwalimu huyohuyo ndiye aliyewafundisha, enzi zake, kabla ngozi yake haijaingia wazimu."

Bi Asante hakumsikia vizuri. Alikuwa anatazama kidole kidogo cha ile glavu. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi mweusi karibu na kiganja, kikabaki kibonge.

"Bibi, huu mto umewekewa lini?"

"Leo asubuhi. Wa zamani ulipasuka, ukanilowesha kama mtoto."

"Uliokuwa kwa Mwalimu ulikuwa na uzi huu?"

"Uzi ulikuwepo, ndiyo. Nilimwona nesi anaufunga, anakata kwa..." Redio alinyamaza. Pengine ilikuwa mara ya kwanza tangu alazwe. Alitazama chini kwenye mguu wake. "Utoe," alisema polepole. "Utoe, mjukuu wangu, tafadhali. Utoe sasa hivi."

Bi Asante aliutoa kwa mikono miwili, akauweka ndani ya mfuko wa ushahidi, akaufunga juu maji yasimwagike.

Chumba cha kuoshea kilikuwa mwisho wa wodi. Humo waliosha mabakuli ya haja na mabeseni ya matapishi, na juu ya sinki hilohilo, kwenye kamba ya nguo, glavu zilizotumika zilikuwa zimeanikwa kwa vibanio. Nyingine zilikuwa bado zinadondosha. Moja ilikuwa na doa la njano kiganjani ambalo sabuni ilishindwa. Pembeni palikuwa na kopo la wanga wa kuzipaka zisigandane. Nesi mwenye mwanya alikuwa amesimama hapo, ameweka glavu mdomoni, anaipuliza kuona kama imetoboka.

"Hizi zinatumika tena?"

"Za kwenye vidonda vibichi, hapana," alisema nesi, akaitoa mdomoni. "Hizi ni za kufanyia usafi tu, na mito. Mpya hazitoshi."

Bi Asante alimwonyesha mfuko. "Hii unaijua?"

"Uzi ni wangu. Kidole kilitoboka, nikakifunga kwa uzi wa kushonea. Nilimwekea Mwalimu." Alitazama mfuko, akatazama kamba. "Leo niliikuta hapa imekauka, nikamwekea bibi Redio. Kwani ina nini?"

"Mwalimu alikuwa na bangili nyekundu?"

"Mimi ni mgeni hapa, habari zake sikuzijua. Angekuwa nayo nisingemgusa na mpira. Ni kitu cha kwanza wanatufundisha. Mtu wa bangili nyekundu hata haruhusiwi kuingia wodi hii, tungemrudisha. Niliangalia mikono yote miwili. Halafu nikamuuliza matroni, huyu hana shida? Akasema hana." Nesi alianza kusugua viganja vyake kwenye sare. "Nilipomwekea alinitazama sana. Akanishika hapa, kwenye mkono, akawa ananivuta. Nilidhani ananishukuru."

Bi Asante aliushusha ule mfuko.

"Si ananishukuru?" aliuliza nesi.

"Kaa pale nje kwenye benchi. Usiongee na matroni. Utanisimulia yote, mbele ya daktari wa maiti. Hukuambiwa, umenielewa? Uliuliza, na hukuambiwa."

Yule msichana alikaa. Mikono yake aliiweka mbali na mwili, kama yenye rangi mbichi.

Bi Asante alipiga simu mbili. Ya kwanza kwa daktari wa maiti, akamuuliza kama mpira ukigusa kidonda kilicho wazi unaweza kumuua mtu wa namna ile. Daktari akasema kidonda ni mlango uliofunguliwa, akauliza kama glavu yenyewe ipo. Ya pili kwa mkuu wa kituo.

"Seremala asipelekwe mahakamani."

"Nani anasema?"

"Mkono haukuwa na mifupa, afande," alisema Bi Asante. "Nitumie askari mmoja hapa."

Matroni alikuwa bado mezani kwake. Askari alipofika, Bi Asante alimwacha mlangoni, akaingia, akauweka mfuko juu ya meza. Maji yalitikisika. Juu yake akailaza karatasi. Kiganja juu ya kiganja, kidole juu ya kidole, kibonge juu ya kibonge.

"Hiyo ni glavu," alisema matroni. "Zipo tele."

"Hii uliitoa kwenye mguu wa Mwalimu kabla hujaita daktari."

"Nani anasema, Redio? Yule anasema hata usingizini. Na aliyeiweka ni nesi, si mimi. Kamkamate yeye."

"Nesi alimwekea mtu asiye na bangili. Bangili iko wapi, matroni?"

"Zinakatika. Plastiki ile ni mbovu."

Bi Asante alivuta kiti, akakaa. "Naomba chai."

Matroni alisita, kisha uso ukalegea. Mtu anayeomba chai ni mtu wa kuongea naye. Akatoa ufunguo mfukoni. Ulipofika kwenye kitasa cha kabati, Bi Asante alinyoosha mkono.

"Naomba huo kwanza."

Kitanzi chekundu kilikuwa kimekatwa kwa mkasi na kufungwa fundo. Alikigeuza. Upande wa ndani, wino mweusi ulikuwa umefifia lakini ulisomeka: MPI, kisha mkato wa mkasi.

Matroni aliketi. Kwa muda alikuwa anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangika.

"Mkwe wa mkurugenzi wa hospitali alikuwa analetwa kulazwa," alisema. "Hakutaka kulala na watu wanaokohoa. Chumba kilikuwa kimoja. Akiwa na bangili ile, wodi wangemrudisha Mwalimu kwangu mlangoni. Nilitaka kuwaambia manesi kwa mdomo, mmoja mmoja, wasimguse na mpira."

"Nesi alikuuliza."

"Huyo mkwe mwenyewe alikuwa amesimama pale. Ningesemaje mbele yake?"

"Kwa nini Mwalimu? Wangapi hapa wangehamishika?"

"Wengine wangelalamika." Alisema kwa urahisi, kama anayeeleza ratiba. "Yeye hakuwa na ulimi."

Nje, Redio alikuwa ananyamaza. Ilisikika.

"Ulipoingia ukamkuta amevimba, sindano ya kumwokoa ilikuwa wapi?"

"Kabatini. Lakini ningeichoma na glavu bado iko pale, kila mtu akaiona? Niliitoa kwanza. Ni dakika tu. Alikuwa mzee, mwanangu. Alikuwa amebakiza kidogo."

"Na mtoto wake ukamtupa mahabusu."

"Mimi sikumtupa. Nilisema alimshika miguu, na kweli alimshika. Kidole mmekiona ninyi."

"Na hii," Bi Asante aligusa mfuko, "ukaimwaga maji ukairudisha kwenye kamba."

Matroni alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ilikuwa nzima. Nimeshakwambia, hapa hatutupi kitu."

Bi Asante aliufunga ufunguo na kitanzi chake ndani ya mfuko mwingine. Alimwita askari. Matroni alisimama, akanyoosha sare, akapitisha kiganja kwenye mikunjo miwili mpaka ikalala. Pale mlangoni aligeuka, na sauti yake ilikuwa ileile ya bashasha.

"Utaniandikia vizuri. Wewe ni mwanamke mwenzangu, unaijua kazi. Na asubuhi umekunywa chai yangu, hata asante ya pili hakuna?"

Askari alikuwa tayari anatabasamu, akilisubiri lile neno. Bi Asante alikuwa anatazama kikombe chenye ukoko, kilichorudishwa mahali pake, kikisubiri mgeni mwingine. Neno lilikuja hadi kwenye meno kwa mazoea ya miaka yote, na hapo likakuta jingine limesimama, la zamani kuliko lenyewe, ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

"Unanitia kinyaa," alisema.